Niliagiza libreto kwa mshairi: miezi 11, maneno 612 na taa moja

Nimefundisha kwaya kwa miaka 19. Nyimbo nyingi tulizoimba zilikuwa za watunzi wengine, chache zilikuwa zangu, na kwenye hizo zangu maneno niliyaandika mwenyewe baada ya melodi kukamilika. Nikishazipanga sauti nne, nilikuwa nahesabu nota na kutafuta maneno ya kuzitosha. Waimbaji hawakuwahi kulalamika, lakini nilikuwa naona nyusoni mwao: katika kila wimbo kulikuwa na mahali ambapo walitamka silabi tu, bila kumwambia mtu kitu.

Mwaka juzi niliamua kutunga kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kuzijaribu, mchezo wa kuimbwa wa dakika 40 hivi, wenye waimbaji wakuu wawili, kwaya ya watu 38 na piano. Kazi ya aina hiyo haianzi na nota. Inaanza na libreto, yaani maneno yote yatakayoimbwa kuanzia pazia linapofunguliwa hadi linapofungwa, pamoja na nani anamwambia nani. Nikamtafuta mshairi anayefanya kazi hiyo kwa malipo. Haya ni maoni yangu kuhusu huduma yake, nayaandika kwa ajili ya walimu na watunzi wenzangu ambao hawajawahi kuagiza maneno na wanajiuliza mtu anapata nini hasa kwa fedha zake. Jina lake silitaji hapa. Atakayeshika nota zetu atalikuta.

Nilikwenda kwake nikiwa nimeshaumia mara moja. Nilikuwa nimelipenda shairi la mshairi aliye hai, nikalitungia muziki kwa miezi minne, halafu ndipo nikaandika barua ya kuomba ruhusa. Mchapishaji wake akakataa kwa mistari miwili. Muziki ule uko kwenye droo hadi leo. Sikuwa na hoja ya kumjibu: Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unailinda kazi ya mwandishi maisha yake yote na angalau miaka 50 baada ya kifo chake, na nchi nyingi zimeongeza zikafika 70. Ruhusa inaombwa kabla ya nota ya kwanza. Kwa hiyo jambo la kwanza lililonivutia kwa dada huyu ni kwamba alianza na mkataba. Maneno ni yake. Mimi nina haki ya kuyatungia muziki, kuyachapa ndani ya nota, kuyaimba na kuyarekodi. Kwaya nyingine ikitaka kuimba kazi nzima, mapato tunagawana kwa uwiano tulioandika siku hiyohiyo. Kurasa mbili tu, lugha ya kawaida, nikaelewa kila kifungu.

Kazi yenyewe inakwenda kwa hatua tatu na malipo yanafuata hatua hizo: kwanza muhtasari wa hadithi, kisha rasimu ya maneno yote, kisha marekebisho mara mbili muziki ukishaanza. Ukitaka marekebisho ya tatu, unalipia.

Kabla hajaandika hata mstari mmoja alinitumia maswali. La kwanza nalikumbuka neno kwa neno: "Mwalimu, soprano wako akipanda, ni nota gani ya juu kabisa ambayo bado tunasikia neno?" Wengine wote niliowahi kufanya nao kazi huuliza nota ya juu anayoifikia. Yeye alitaka ile ambayo neno bado liko hai. Akauliza besi wangu ni wangapi na kama wanaweza kusimama peke yao. Akauliza ukumbi una mwangwi kiasi gani. Akauliza kama watazamaji watapewa karatasi ya maneno, maana kama hawatapewa, kila kitu kinachobeba hadithi lazima kisikike na kueleweka mara ya kwanza, hakuna kurudi nyuma kama mtu anayesoma. Nikajibu kwamba hatutachapa karatasi. Nilichelewa kuelewa jibu lile lilikuwa na uzito gani.

Hadithi tuliipata ndani ya wiki tatu. Mama ni mlinzi wa mnara wa taa. Mwanawe yuko baharini usiku wa dhoruba. Mafuta yaliyobaki yanatosha usiku mmoja, na mkuu wa bandari anataka yawekwe kwa ajili ya meli zinazotarajiwa kesho yake. Kwaya ni watu wa bandari, wanaomuunga mkono mkuu mwanzoni. Basi. Nilikuwa nimependekeza pia mke wa kijana, rafiki yake na ndoto ya mama akiwa msichana. Vyote vitatu akaviondoa, na kuniridhisha akanikumbusha kwamba Da Ponte, alipoigeuza tamthilia ya Figaro kuwa libreto kwa ajili ya Mozart mwaka 1786, alipunguza wahusika kutoka 16 hadi 11. Neno likiimbwa huchukua muda mrefu kuliko likisemwa, na kila mhusika atataka wimbo wake.

Hatujawahi kuonana ana kwa ana. Kazi yote tuliifanya kwa ujumbe wa sauti na karatasi tulizotumiana. Nilidhani hilo lingekuwa tatizo, lakini mshairi Hugo von Hofmannsthal na mtunzi Richard Strauss walifanya kazi pamoja tangu enzi za opera ya Elektra, iliyoimbwa mara ya kwanza mwaka 1909, hadi mshairi alipofariki mwaka 1929, na sehemu kubwa ya mabishano yao ilipita kwenye barua. Faida moja ya kuwa mbali ni kwamba kila kitu kimeandikwa au kimerekodiwa. Nina rekodi zake akisoma onyesho zima kwa sauti huku anagonga meza kwa vidole. Mara mbili nilinyanyua mapigo ya wimbo moja kwa moja kutoka kwenye vidole vile.

Karatasi zake zina safu tatu. Kushoto idadi ya mizani. Katikati maneno na jina la anayeimba. Kulia, sentensi moja: nini kimebadilika wimbo huu unapoisha. Mama alikuwa na matumaini, sasa hana. Kwaya ilikuwa upande wa mkuu, sasa imegawanyika. Pale safu ya kulia ilipobaki tupu, aliufuta wimbo hata kama ulikuwa mzuri. Nyimbo mbili zilikwenda hivyo, mmoja wao nilikuwa nimeshaanza kuupenda na niliutetea kwa siku kadhaa. Leo siukumbuki.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya nikae niandike haya.

Wimbo wa kwanza wa mama una beti mbili kwa melodi moja. Katika rasimu, ubeti wa kwanza ulianza na "Nimeitazama bahari", wa pili ukaanza na "Nimekuita baharini". Hesabu: mizani tisa, mizani tisa. Kwenye karatasi hakuna kosa. Melodi yangu ilikuwa na pigo zito kwenye silabi ya tano, na katika ubeti wa kwanza pigo hilo linaangukia "za" ya "nimeitazama", mahali pake hasa. Katika ubeti wa pili likaangukia "ta" ya mwisho. Ikawa mama anaimba "nimekuiTA", kama mtu anayesukumwa mgongoni. Soprano wangu aliuimba hivyo mara tatu. Mara ya nne akasimama akauliza kama nota imechapwa vibaya.

Nota ilikuwa sawa. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na "nimekuita" mkazo wake uko kwenye "i", silabi ya nne. Mtu ambaye hajali hili afikirie barabara tunayopitia na barabara yenye maana ya sawasawa: herufi ni zilezile, kinachotofautisha ni mkazo tu. Mizani zikilingana na mkazo usilingane, mwimbaji anatamka lugha ambayo hakuna mtu anaizungumza. Na mimi nilikuwa nimefanya kosa hilo miaka 19, kwa sababu nilikuwa nahesabu tu.

Nilimtumia rekodi ya mazoezi. Jioni ileile akajibu: "Nimekulilia, mwanangu." Zihesabu tena. Ni-me-ku-li-li-a, mwa-na-ngu. Tisa. Mkazo wa kwanza uko kwenye silabi ya tano, wa pili kwenye ya nane, sawa kabisa na "Nimeitazama bahari". Na neno "mwanangu", ambalo halikuwepo, ndilo lililowafanya watu wanyamaze ukumbini. Alisema kosa lilikuwa lake na hakuhesabu badiliko lile kama sehemu ya marekebisho yangu. Kuanzia hapo kila karatasi ilikuja na silabi za mkazo zimepigiwa mstari chini. Kama ukimpa mtu kazi ya maneno, mwombe hilo tangu siku ya kwanza.

Jambo la pili ni irabu. Oscar Hammerstein, aliyeandika maneno ya Carousel ya mwaka 1945, alijilaumu baadaye kwa sababu wimbo mmoja wa mchezo ule aliumaliza kwa neno linalofungwa na konsonanti ngumu, mwimbaji hana irabu ya kushikilia makofi yanapokaribia. Sisi hatuna shida hiyo, maneno yetu karibu yote yanaishia kwenye irabu. Lakini irabu si sawa zote. Sauti ya kike ikipanda sana, irabu huanza kufanana, "i" na "e" zinapoteza sura yake, na "a" ndiyo inayobaki kutambulika kwa sababu mdomo umeshafunguka. Mshairi huyu anajua hilo. Tena anatumia kitu ambacho sikuwahi kukiwazia: maneno yenye irabu mbili zinazofuatana. Taa. Njoo. Juu. Saa. Kaa. Katika maneno hayo urefu umo ndani ya neno lenyewe, kwa hiyo mtunzi akiyapa nota ndefu hajalivuta neno kwa nguvu.

Hapo ndipo kilele cha mchezo kilipotokea. Mkuu wa bandari ameamuru taa izimwe, kwaya inapanda ngazi, mama anageuka dirishani na kuimba kuelekea gizani. Rasimu ya kwanza ilisema: "Nitaiwasha taa hii mpaka urejee." Mizani 16, mstari kamili wa shairi, hauna kasoro. Niliutungia muziki na ulikuwa mzuri, ila mama alikuwa anatoa taarifa. Tulirudishiana mstari ule kwa siku tisa. Mwaka 1870, wakiandaa opera ya Aida, mtunzi Verdi alimwandikia mshairi wake Antonio Ghislanzoni akimtaka neno la jukwaani, neno linalochonga hali ikaonekana, hata kama kwa ajili yake mizani na vina vitawekwa kando. Nilimnukulia hilo, nikihofia atachukia. Siku ya kumi akatuma:

"Taa ipo. Njoo."

Mizani sita. "Taa" iko kwenye nota A ya juu ya soprano, "a" mbili, mdomo wazi. "Njoo" inashuka, piano imenyamaza. Sikuhitaji kuandika ishara yoyote kwenye nota kumwelekeza mwimbaji aimbeje.

Kuna kingine kidogo nataka kukionyesha kwa karibu, kwa sababu kinaonyesha mtu anayesikia lugha yake. Mchezo unaanza na alto na besi wakivuma midomo imefungwa, kama bahari kwa mbali. Mimi nilikuwa nimepanga uvumi uishe, kisha kwaya ianze maneno. Yeye akaandika neno la kwanza liwe "Mnara". Ile "m" ya mwanzo ni silabi kamili, inatamkwa midomo imefungwa, kwa hiyo uvumi wenyewe ndio herufi ya kwanza ya neno. Waimbaji wanavuma mapigo nane, halafu midomo inafunguka: "…nara". Msikilizaji anagundua kwamba alikuwa anasikia neno tangu mwanzo. Nimelifundisha hilo kwaya kwa dakika mbili tu, wakalipata mara moja.

Silabi hizohizo za "m" na "n" zinaweza pia kumuumiza mwimbaji. Katika onyesho la pili wanaume walikuwa na "Nchi kavu i karibu", na mimi nikaweka nota ndefu mwanzoni. Waimbaji wangu wa tenori, sauti ya juu ya kiume, wakabaki wanashikilia "n" kwa mapigo matatu, meno yamekutana, sauti haina pa kutokea. Safari hii kosa lilikuwa la muziki, lakini alikubali kubadilisha: "Ufuko uko karibu." Mizani nane kwa nane. Sauti zikafunguka.

Kuhusu kwaya kuimba sauti nne zenye maneno tofauti kwa wakati mmoja, sitasema mengi. Msikilizaji hasikii kitu, kila mtunzi anajua, na bado tunafanya. Utaratibu wa mshairi huyu ni kwamba kwaya haiimbi kwa kupishana neno lolote ambalo halijasikika peke yake kabla. Habari mpya zinapita kwa mwimbaji mmoja, piano chini kabisa. Libreto yote, pamoja na maneno yanayorudiwa kuhesabiwa mara moja, ina maneno 612. Nilipoyaona mara ya kwanza niliona nimepunjwa. Muziki ulipokamilika tulikuwa na dakika 43.

Yapo ambayo sikuyapenda, na anayetaka kumpa kazi ayajue.

Alichelewa. Onyesho la tatu lilikuja wiki tano baada ya tarehe ya mkataba, na wiki mbili kati ya hizo alikuwa kimya kabisa. Nilikuwa na kwaya inayofanya mazoezi mara mbili kwa wiki bila karatasi mkononi. Alipotokea aliomba radhi na sababu yake ilikuwa ya kweli, lakini ujumbe mmoja wa kusema "nitachelewa" ungeniondolea hofu nyingi. Mkataba wetu haukuwa na kifungu cha kuchelewa. Wa kwako uwe nacho.

Alimpa mkuu wa bandari maneno ya kamusini. "Ghaidhi", "muhali" na mengine ya namna hiyo, maneno halali, mazuri ukisoma. Nilielewa alichotaka: mtu wa cheo azungumze kwa uzito. Lakini tulishakubaliana kwamba hakuna karatasi kwa watazamaji. Neno ambalo mtu analitafakari linamkosesha matatu yanayofuata. Tulibishana, akatetea, mwisho "ghaidhi" ikawa "hasira" na "muhali", yaani jambo lisilowezekana, ikabaki, kwa sababu aliirudia mara nne katika wimbo mmoja hadi maana yake ikajieleza. Hapo alikuwa sahihi, nakiri.

Katika wimbo wa kwaya wa dhoruba vina vilikuwa vya njia ya mkato: kizani, mnarani, baharini, moyoni. Ukiongeza "-ni" kila jina linapata kina, na msikilizaji anahisi mshairi hakutoka jasho. Nilimwomba aandike upya, akafanya hivyo bila ubishi, na mistari iliyokuja ilikuwa na nguvu mara mbili:

"Mawimbi yapanda juu,
kamba zalia kwa kuu,
na huko chini, makuu
hayana jina wala sauti."

Angalia mstari wa nne unavyovunja mizani nane kwa makusudi, pale bahari inapovunja mpaka wake. Kwa nini hakuanza na huo?

Udhaifu wake mkubwa zaidi ni kuweka maneno kwenye melodi iliyokwisha kutungwa. Nilikuwa na tuni moja ya zamani niliyotaka iingie kwenye onyesho la mwisho. Majaribio matatu yote yalikaa kama nguo ya kuazima. Yeye hasomi nota, anafuata kwa sikio, na tuni yenye kona nyingi inampotea. Wapo washairi wanaoweza. Mtunzi Richard Rodgers alipofanya kazi na mwandishi wa maneno Lorenz Hart mara nyingi muziki ndio uliotangulia, na alipohamia kwa Hammerstein maneno yakatangulia, na pande zote mbili zilizaa kazi kubwa. Dada huyu ni wa upande wa maneno kwanza. Kama melodi zako zimeshakamilika, tafuta mwingine. Tuni yangu niliiondoa.

Marekebisho ya tatu nilitaka mimi, nikayalipia, sina neno.

Kuhusu mwisho wa hadithi ndipo aliponipa zaidi ya tulichoandikiana. Mimi nilitaka kijana arudi, mama amkumbatie, kwaya ishangilie. Yeye hakutaka. Badala ya kubishana aliandika miisho miwili kamili, kila mmoja na maneno yake, akaniambia nitunge dakika moja ya kila mmoja halafu nisikilize. Nilitunga. Ule wangu ulikuwa na kelele na ulikwisha papo hapo. Katika ule wake, watu wa kwaya wanamletea mama mafuta ya taa zao za nyumbani, mmoja mmoja, na kila anayetoa anaimba jina la mtu wake aliye baharini. Kwenye mazoezi tulitumia tochi ndogo. Kila mwimbaji anazima tochi yake, anapanda, anarudi mahali pake gizani. Watu 38. Inachukua dakika nne na nusu, na maneno yaliyoandikwa ni majina na "chukua" tu. Baadaye kwaya, ikiwa gizani, inaona tanga kwa mbali, hakuna anayejua la nani, na muziki unaishia hapo. Usiku wa kwanza wa onyesho, mwanamke wa kundi la alto alishindwa kuimba jina la mtu wake. Alizima tochi akapanda kimya, na aliyemfuata akasubiri mapigo mawili kabla ya kuendelea. Niliyaacha mapigo yale mawili ndani ya nota.

Anatoa pia huduma nyingine ndogo, ya kuchagua na kupanga maandiko ya zamani yasiyo na mwenye haki tena, kwa ajili ya kantata, yaani kazi za kuimbwa zenye sehemu kadhaa, na nyimbo za kwaya bila ala. Sikuitumia, ila mwalimu mwenzangu aliitumia na ameridhika. Mtu asiidharau. Charles Jennens hakuandika maneno ya Messiah, aliyachagua kutoka kwenye Biblia na kuyapanga, kisha Handel akayatungia muziki mwaka 1741 kwa siku 24 hivi, na kazi ikaimbwa Dublin mwaka uliofuata. Mpangilio ule ndio unaoibeba ile kazi.

Kwa nyota, nampa nne kati ya tano. Ya tano imebaki kwenye zile wiki mbili za ukimya. Mwenye kutaka maneno ndani ya mwezi mmoja asimwendee. Mwenye waimbaji ambao hajawasikiliza vizuri pia atapata shida, kwa sababu maswali yake hayajibiki bila kukaa na kila mwimbaji. Mwenye miezi kumi, anayekubali kufutiwa wimbo anaoupenda, atapata anachokitafuta.

Neno moja kwa wanaochapa programu za maonyesho. Usiku wa kwanza jina langu liliandikwa kubwa jaladani, na lake likawa ndani, kwa herufi ndogo, chini ya jina la fundi wa taa. Mimi ndiye niliyekagua ukurasa ule nikauruhusu. Hakusema chochote, na ukimya wake uliniuma kuliko lawama. Nota zilizochapwa sasa zina majina yetu mawili mstari mmoja, herufi za ukubwa sawa, lake likitangulia, kwa kuwa maneno yalitangulia. Mwezi uliopita nilimtumia wazo la kazi ya pili. Amenijibu kwa swali: waimbaji wangu wawili wa tenori wa mbele, wakiimba kwa sauti ya chini kabisa, ni irabu gani inabaki?